Tapeli Anapotapeliwa: Historia Fupi ya Ulaghai Ulioharibika katika Filamu za Giza

Mwezi Julai mwaka 1849 polisi wa jiji la New York walimkamata mtu aliyejulikana kwa jina la William Thompson. Mbinu yake ilikuwa rahisi mno. Alivaa vizuri, akamwendea bwana mwenye heshima zake njiani kana kwamba walifahamiana zamani, wakazungumza kidogo, kisha akamwuliza kama alikuwa na imani naye kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Wapo waliovua saa za dhahabu wakampa. Thompson aliondoka akicheka, na kesho hiyo haikufika. Alipatikana kwa sababu mmoja wa aliowaibia alimwona tena barabarani akamtambua. Gazeti la New York Herald lilimwita "mtu wa imani", na jina hilo likashika katika Kiingereza mpaka leo kwa matapeli wote wa aina yake. Miaka minane baadaye, tarehe 1 Aprili 1857, Herman Melville alitoa riwaya yake The Confidence-Man, inayotukia ndani ya meli kwenye mto Mississippi tarehe hiyohiyo ya siku ya wajinga. Ilikuwa riwaya ya mwisho kuchapishwa katika uhai wake.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulitazama jina hilo kwa makini. Kiswahili kina tapeli, laghai, mjanja na ayari. Jirani zetu wa Kiluganda wanasema omufere, na magazeti ya Kampala hayaishiwi habari za abafere. Majina haya yote yanautazama ujanja wa mtendaji. Jina alilopewa Thompson linakitazama kile anachokichukua kwanza, kabla ya saa na kabla ya fedha, yaani imani ya mtu. Ayari, kwa njia, ni neno lenye nasaba ndefu: limetoka katika Kiarabu, ambako waliitwa hivyo vijana wa magenge ya mitaani mjini Baghdad enzi za makhalifa wa Bani Abbas, watu waliosifiwa kwa ushujaa na kulaaniwa kwa uporaji kwa pumzi moja.

Makala haya yanakusudia kufuatilia namna mtu huyu wa imani alivyoingia katika filamu za uhalifu, hasa zile ambazo ulaghai wake unamharibikia mkononi. Nimeuchagua mkondo huu kwa sababu wanafunzi wa kozi ya fasihi huniletea kila mwaka swali lilelile: kwa nini filamu ya aina hii inauma kuliko filamu ya wizi wa benki, ilhali hakuna bunduki nyingi wala magari yanayolipuka? Jibu langu ni kwamba katika filamu hizi mtego haukatwi na polisi. Unakatwa na chembe ya imani ya kweli iliyosalia ndani ya mmoja wa waliouweka. Historia inaonesha kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kitabu ambacho wengi wamekichota kuhusu jambo hili hakikuandikwa na askari wala mwandishi wa hadithi. Kiliandikwa na mwanaisimu. David W. Maurer, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Louisville, Kentucky, na shughuli yake ilikuwa misimu ya watu wa pembezoni: wavuta dawa za kulevya, wachomoa mifuko, wapika pombe haramu wa milimani. Alipoanza kukusanya msamiati wa matapeli aligundua kwamba hawezi kueleza neno bila kueleza kazi, na kazi ilikuwa na hatua nyingi kiasi kwamba orodha ya maneno iligeuka kuwa historia. Matokeo yake yalikuwa The Big Con, kilichotoka mwaka 1940. Kwa wale wanaofundisha isimujamii, sijui mfano mzuri kuliko huu wa utafiti wa rejesta uliovuka mpaka na kuwa kitabu cha kusomwa na watu wote.

Nitajaribu kuzieleza hatua hizo kwa maneno yetu. Kwanza hutafutwa windo, yaani mtu mwenye fedha aliye safarini mbali na nyumbani. Mvutaji humfanya rafiki, kisha humfikisha kwa mtu wa ndani, ambaye humsimulia kisa: ipo njia ya kupata fedha nyingi upesi, ila si njia ya halali. Hapo ndipo penye ufundi. Windo lazima lijue kwamba linaingia katika uovu, maana mtu aliyekubali kuiba hawezi kwenda polisi kulalamika kwamba ameibiwa. Baada ya kisa huja kionjo, yaani windo huachwa lishinde kiasi kidogo, na fedha hizo hupewa kweli mkononi. Baada ya kionjo mfuko wake hupimwa, hutumwa nyumbani au benki kuleta kikubwa, na akirudi hukung'utwa ndani ya "duka kubwa", ambalo ni ukumbi mzima wa kamari au ofisi ya hisa ulioigizwa kuanzia karani hadi wateja. Mwisho hupeperushwa aondoke mwenyewe kwa hofu, na wakubwa wa mji wanakuwa wameshalipwa wafumbe macho.

Msomaji aliyekulia katika Kiswahili atakuwa ameshatabasamu, kwa sababu kionjo anakijua tangu darasa la tatu. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akisema sufuria imezaa. Jirani akafurahi akapokea. Mara ya pili Abunuwasi hakurudisha kitu, akasema sufuria imekufa, na jirani aliyekubali kwamba sufuria huzaa hakuwa na mdomo wa kukataa kwamba hufa. Hatua zote kubwa za Maurer zimo humo: kisa, kionjo, tamaa ya windo, na windo kufungwa mdomo na kosa lake mwenyewe. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Abunuwasi hashindwi hata mara moja, na sisi tunacheka pamoja naye, kwa kuwa aliyedanganywa ni tajiri, kadhi au sultani. Mshairi Abu Nuwas, ambaye hekaya hizo zilimdandia jina, aliishi Baghdad ileile ya kina ayari.

Sasa turudi Marekani. Kuanzia mwaka 1934 watengenezaji wa filamu wa Hollywood walibanwa na kanuni za maadili ambazo wao wenyewe walikuwa wamezikubali mwaka 1930 lakini bila kuzitii. Kanuni hizo zilisema, pamoja na mengine, kwamba uhalifu usipendezeshwe machoni pa watazamaji na mhalifu asiachwe bila kulipa. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo, hadi kanuni zilipoondolewa mwaka 1968 na kuwekwa mfumo wa madaraja ya umri, tapeli wa filamu alishindwa kwa sababu ilikuwa lazima ashindwe. Mtazamaji alilijua hilo kabla ya kununua tiketi.

Ndani ya kizuizi hicho ndipo zilipozaliwa filamu ambazo Wafaransa waliziita film noir, yaani filamu nyeusi. Mwaka 1946, baada ya vita, filamu za Kimarekani zilizokuwa zimezuiwa wakati wa uvamizi wa Wajerumani ziliingia Paris kwa mkupuo, miongoni mwazo The Maltese Falcon, Double Indemnity na Laura. Mhakiki Nino Frank aliona kwamba zilikuwa na sura moja, akazipa jina lililofanana na lile la mfululizo wa vitabu vya uhalifu, Série noire, ulioanzishwa mwaka uliotangulia na Marcel Duhamel katika kampuni ya uchapishaji ya Gallimard. Mimi naziita filamu za giza, kwa kuwa giza lake si la picha tu. Zinamhusu mtu anayejua anakokwenda ni kubaya na bado anakwenda.

Filamu iliyomchukua tapeli na kumfikisha mwisho wa shimo katika kipindi hicho ni Nightmare Alley ya mwaka 1947, iliyoongozwa na Edmund Goulding, Tyrone Power akicheza kama Stan Carlisle. Imetokana na riwaya ya William Lindsay Gresham ya mwaka 1946. Gresham alikwenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kama mhudumu wa tiba upande wa Jamhuri, na huko ndiko alikosikia kutoka kwa mwenzake habari za mlevi wa maonesho ya mtaani ambaye hulipwa pombe ili ang'ate vichwa vya kuku hai mbele ya watazamaji. Hakuweza kuisahau habari hiyo mpaka alipoiandika.

Stan anaanza kama kibarua wa maonesho hayo. Anajifunza mfumo wa siri wa maneno: mtu mmoja amefungwa kitambaa machoni, mwenzake anapita katikati ya watazamaji akishika kitu cha mmoja wao na kuuliza swali, na namna swali lilivyopangwa inamwambia aliyefungwa macho kama kilichoshikwa ni saa, pete au barua. Watazamaji wanaona miujiza, kumbe ni sarufi. Kwa mfumo huo Stan anapanda hadi vilabu vya matajiri, na kwa msaada wa mwanasaikolojia Lilith Ritter, anayempa siri za wagonjwa wake, anamwinda mzee tajiri Ezra Grindle, ambaye bado anamlilia mpenzi wake aliyekufa ujanani. Stan anaahidi kumleta huyo marehemu aonekane. Anamvalisha mkewe, Molly, nguo za zamani na kumwambia apite bustanini usiku.

Molly anapita. Mzee anapiga magoti anaomba. Na hapo ulaghai unaharibika, kwa kuwa Molly hawezi kuendelea. Hakuna askari aliyejitokeza, hakuna aliyewashtukia. Mwanamke mmoja ameona mtu anasali kwa machozi ya kweli mbele ya uongo wake, akavunjika. Stan anakimbilia kwa Lilith kuchukua fedha alizomwekea, anakuta ndani ya bahasha noti kubwa zimebadilishwa kuwa za dola moja moja. Kutoka hapo ni pombe, vichochoro, na hatimaye mlango wa meneja wa maonesho anayetafuta mtu wa kung'ata kuku. Studio iliona mwisho huo ni mchungu mno, ikaongeza tukio la Molly kumkuta Stan na kumkumbatia. Ukiitazama leo unauona mshono.

Kanuni zilipoondoka mwaka 1968 lilitukia jambo lililotarajiwa: tapeli aliruhusiwa kushinda. The Sting ya mwaka 1973, iliyoongozwa na George Roy Hill, ina Paul Newman na Robert Redford katika Chicago ya mwaka 1936, wakimkung'uta jambazi tajiri kwa "duka kubwa" la kamari ya mbio za farasi, hatua kwa hatua kama Maurer alivyoandika. Hata jina la mhusika wa Newman, Gondorff, ni la ndugu wawili matapeli wa kweli waliomo katika kitabu hicho. Filamu ilipata tuzo saba za Oscar ikiwemo ya filamu bora. Mzee Maurer alikwenda mahakamani akidai kazi yake imetumiwa bila idhini, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Sioni haja ya kukaa sana hapa. The Sting ni Abunuwasi aliyevaa suti: anayeibiwa ni mwovu, tunacheka, tunakwenda nyumbani. Inapendeza sana, lakini si filamu ya giza.

Swali zito lilibaki kwa wale waliotaka giza. Ikiwa sheria haimlazimishi tapeli kushindwa, atashindwa kwa nini? Sababu sasa ilipaswa kutafutwa ndani ya watu wenyewe. David Mamet alilijaribu jambo hilo katika House of Games ya mwaka 1987, filamu ya kwanza aliyoiongoza. Mwanasaikolojia Margaret Ford anavutiwa na tapeli aitwaye Mike, anataka kuandika kitabu juu ya kundi lake, na anagundua amechelewa kwamba windo la kundi ni yeye. Kosa la Mike ni la kitaalamu: hakumpeperusha sawasawa. Anamdharau usoni, akidhani aibu itamfunga mdomo kama inavyowafunga wengine wote. Margaret ana bastola.

Lakini kilele, kwa maoni yangu, ni The Grifters ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Stephen Frears, Mwingereza, mmoja wa watayarishaji wake akiwa Martin Scorsese. Muswada wake uliandikwa na Donald Westlake, ambaye naye ni mwandishi wa riwaya za uhalifu, kutokana na riwaya ya Jim Thompson ya mwaka 1963. Thompson alizaliwa Anadarko, Oklahoma, mwaka 1906, mwaka mmoja na Maurer. Aliandika vitabu vya bei ndogo vilivyouzwa kwenye vibanda vya vituo vya basi, akashirikiana na Stanley Kubrick katika miswada ya The Killing na Paths of Glory, na alipofariki mwaka 1977 hapakuwa na kitabu chake hata kimoja kilichokuwa kikichapishwa nchini mwake.

Wahusika ni watatu. Roy Dillon ni tapeli mdogo wa Los Angeles. Anamwonesha mhudumu wa baa noti ya dola 20, kisha wakati wa kulipa anaibadilisha kwa kasi na kutoa ya dola 10, akitarajia kurudishiwa chenji ya 20. Mama yake, Lilly, alimzaa akiwa na miaka 14; anafanya kazi kwa Bobo Justus, bwana wa kamari wa Baltimore. Kazi yake ni kwenda katika viwanja vya mbio za farasi na kuweka fedha nyingi juu ya farasi ambao watu hawawatarajii, ili uwiano wa malipo ushuke na bwana wake asije akalipa sana farasi hao wakishinda. Humo humo anajichotea, na fedha anazificha kwenye buti la gari. Wa tatu ni Myra Langtry, mpenzi wa Roy, aliyewahi kufanya kazi ya "duka kubwa" na mwenzake mwenye kipaji ambaye baadaye alirukwa na akili. Walikuwa wakiwauzia matajiri wa mafuta ndoto ya hisa ndani ya ofisi yenye milango mizuri, na nyuma ya mlango hapakuwa na kitu.

Filamu inaanzia pale ulaghai mdogo unapoharibika. Mhudumu wa baa anaiona noti ya 10, anampiga Roy rungu la tumbo. Damu inavuja ndani kwa ndani. Lilly, aliyekuja kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, ndiye anayegundua kwamba anakufa na kumkimbiza hospitali. Kwa ajili hiyo anachelewa kufika uwanjani. Farasi aliyepaswa kumwekea fedha anashinda kwa malipo ya 70 kwa moja, na Bobo anamwadhibu kwa kumchoma sigara kubwa nyuma ya kiganja. Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Tendo pekee la mama mwenye mapenzi katika filamu nzima ndilo linaloanzisha maafa yote. Laiti Lilly angekuwa tapeli kamili, asiye na mtoto moyoni, angefika kwenye mbio kwa wakati.

Yanayofuata yanakwenda kwa mwendo wa hesabu. Myra anataka Roy awe mwenzake mpya katika kazi kubwa, Roy anakataa, Myra anamlaumu Lilly na kumchongea kwa Bobo kuhusu fedha za kwenye buti. Lilly anakimbia. Myra anamfuata hadi moteli moja mjini Phoenix ili amuue na kuchukua fedha. Polisi wanamwita Roy kuutambua mwili wa mama yake, ambaye uso wake umeharibiwa kwa risasi. Roy anatazama kiganja. Hakina kovu la sigara. Anawaambia polisi kwamba ndiye. Kwa uongo huo mmoja anampa mama yake maisha mapya, na ni zawadi ya dhati kabisa, ingawa imetolewa kwa njia pekee anayoijua.

Kisha Roy anarudi chumbani kwake anamkuta Lilly anachukua akiba yake iliyofichwa nyuma ya picha za vinyago vya wachekeshaji. Yeye anamwambia aache maisha haya, na kwamba fedha hampi. Lilly anajaribu kila kisa anachokijua, hata kile ambacho mama hawezi kumwambia mwanawe, akidokeza kwamba labda si mama yake. Roy anarudi nyuma kwa karaha, anakunywa maji. Lilly anarusha mkoba kumpiga, unagonga bilauri, kioo kinakata shingo ya mwanawe. Analia kwa sauti ya mnyama huku akikusanya noti zilizolowa damu. Anashuka kwa lifti, anaingia garini, anaondoka. Hakuna anayemfuata.

Kwa kanuni za mwaka 1934 mwisho huu usingepita, maana mhalifu yuko huru na fedha anazo. Hapo ndipo historia niliyoieleza inapoonekana. Anjelica Huston, John Cusack na Annette Bening wanacheza watu watatu ambao kila mmoja anamhitaji mwenzake, na hakuna kati yao anayeweza kusema hivyo akasadikiwa, kwa sababu lugha yote ya mapenzi wameshaitumia kazini. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar na haikupata hata moja.

Wahakiki wa riwaya za Kiswahili huenda wakauliza kama sisi tunacho kitu cha aina hii. Tunayo hazina ya riwaya za upelelezi: Muhammed Said Abdulla alimwanzisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Hata hivyo, mpelelezi ni kiumbe wa nuru. Akifika, kisa kinaelezwa na kila mtu anapata lake. Katika hadithi ya tapeli aliyeharibikiwa hakuna wa kufika. Sisemi kwamba tujilazimishe kuandika giza ili tufanane na watu wengine, ila naamini mtunzi wetu atakayemchukua omufere wa Kampala au mchezesha pata potea wa Nairobi na kumfuata hadi nyumbani kwake jioni, kwa mkewe na watoto, atakuwa na riwaya mkononi.

Mfano wa kumtia moyo unatoka Argentina. Mwaka 2000 Fabián Bielinsky alitoa filamu yake ya kwanza, Nueve reinas, maana yake malkia tisa. Katika duka la kituo cha mafuta mjini Buenos Aires, kijana Juan anamchezea keshia mchezo wa chenji, jamaa wa ule wa Roy Dillon, na anapotaka kuurudia ananaswa. Mtu mzima aitwaye Marcos anajifanya askari na kumtoa nje chini ya ulinzi. Naye ni tapeli. Wanakubaliana kufanya kazi pamoja siku moja, na siku hiyo inawaletea nafasi ya kumwuzia Mhispania tajiri karatasi ya stempu tisa za Ujerumani ya kale, ambazo ni za kughushi. Mambo yanavurugika mara baada ya mara, Marcos anatoa fedha zake mwenyewe kuokoa mpango, na mwishoni anashika hundi iliyothibitishwa na benki. Anafika benki asubuhi na kukuta umati unagonga milango. Wakubwa wa benki wametoroka na fedha za wateja. Hundi ni karatasi tu.

Baadaye ndipo tunaoneshwa kwamba Juan, mnunuzi na dada yake Marcos walikuwa kitu kimoja, na kwamba tangu asubuhi ya kwanza windo lilikuwa Marcos, aliyewadhulumu wadogo zake urithi. Kwa hiyo ulaghai ulioharibika ulikuwa ndio ulaghai uliofaulu. Mtu anaweza kuona huo ni ustadi wa fundi wa hadithi tu, kama The Sting. Ila ile benki inabaki kooni. Tarehe 1 Desemba 2001, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya filamu kuoneshwa, serikali ya Argentina ilitangaza kwamba mtu hawezi kutoa benki zaidi ya peso 250 kwa wiki. Watu walitoka barabarani wakipiga masufuria, na Rais Fernando de la Rúa akajiuzulu tarehe 20 mwezi huohuo. Watazamaji waliocheka mwaka 2000 walikuwa sasa wamesimama mahali pa Marcos, mbele ya milango iliyofungwa, na wao hawakuwa wamemdhulumu mtu. Bielinsky alitengeneza filamu moja zaidi akafariki mwaka 2006 akiwa na miaka 47.

Eneo letu nalo lina milango yake iliyofungwa. Nchini Tanzania mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango wa DECI, ambao wanachama wake hawakuambiwa kwamba wanaweka fedha. Waliambiwa "wanapanda mbegu", na baada ya muda "watavuna". Kwa mwanafunzi wa semantiki hilo ni somo la wiki nzima. Waliotangulia kupanda walivuna kweli, na mavuno hayo yalikuwa kionjo cha Maurer neno kwa neno, isipokuwa kwamba wapandaji wengi hawakujua kama kuna uovu wowote katika shamba hilo. Ndiyo maana walikuwa na ujasiri wa kulalamika hadharani, jambo ambalo windo wa mwaka 1940 asingethubutu.

Mwaka 2021 Guillermo del Toro aliirudia Nightmare Alley, Bradley Cooper akiwa Stan. Hapakuwa tena na kanuni wala studio ya kudai mwisho mwororo, na lile kumbatio la Molly halimo. Stan anakaa mbele ya meneja, mchafu, anatetemeka kwa kiu ya pombe, na meneja anamwambia kwamba ipo kazi, ni ya muda tu, mpaka apatikane mtu halisi wa kuifanya. Stan anaujua msemo huo. Mwanzoni mwa filamu alielezwa kwamba ndivyo mlevi anavyonaswa, na kwamba kazi hiyo haina muda. Anaikubali, anaanza kucheka, na kicheko kinageuka kilio kabla picha haijazimika.